UZI: Emma Mærsk, meli ya makontena ya mita 397. Ilivyojengwa, vipimo vyake, na kwa nini urefu ni jambo dogo

Fundi_wa_Shafti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila meli kubwa ya makontena ikitajwa humu jukwaani, mjadala unaishia kwenye urefu. Ina mita ngapi, inapita viwanja vingapi vya mpira, basi. Naomba leo tuangalie upande mwingine. Emma Mærsk ya mwaka 2006 ina urefu wa mita 397 na nafasi za makontena zinazokaribia 15,000. MSC Irina ya mwaka 2023 ina urefu wa kama mita 400 na nafasi 24,346. Urefu umeongezeka kwa mita tatu hivi, nafasi zimeongezeka zaidi ya 9,000. Kwa hiyo anayekupa urefu wa meli bado hajakwambia chochote kuhusu meli.

Mimi nilisomea uhandisi wa meli pale DMI, chuo cha bahari cha Dar es Salaam, na kazi yangu iko chini, chumba cha injini. Ninayoyajali ni yale ambayo picha za angani hazionyeshi: kingo za juu za bodi, shafti inayozungusha propela, kuta za ndani, hata matundu ya kupitishia nyaya. Huko ndiko meli inaponea au kupotea. Nimeichukua Emma Mærsk kwa sababu historia yake ina kila kitu: ujenzi, moto, injini ya ajabu, na ajali moja ambayo kila mhandisi wa meli anapaswa kuijua.

Vipimo kwanza. Upana mita 56.4. Kimo cha bodi kutoka mkuku (uti wa chini wa meli) hadi deki kuu mita 30.2. Ikijazwa inazama kama mita 16. Uwezo wa kubeba uzito, yaani shehena, mafuta, maji na mahitaji yote pamoja, ni tani 156,907. Juu ya deki makontena yanapangwa 22 kwa upana. Na ilitengenezwa iweze kuendeshwa na mabaharia 13 tu, ingawa ina vyumba vya watu 30.

Ilijengwa na Odense Steel Shipyard, kiwanda kilichokuwa Lindø, karibu na mji mdogo wa Munkebo, Denmark. Kiwanda hicho kilikuwa mali ya A.P. Møller, kundi lile lile lenye kampuni ya Maersk. Yaani mwenye meli alijijengea mwenyewe kwenye karakana yake. Ilipewa jina Agosti 2006, jina la marehemu mke wa Mærsk Mc-Kinney Møller, mzee aliyeliongoza kundi hilo kwa miaka mingi, na Septemba mwaka huo ikaanza safari yake ya kwanza kutoka Aarhus. Ndugu zake saba zilifuata: Estelle, Eleonora, Evelyn, Ebba, Elly, Edith na Eugen.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri zamu zitakavyoniruhusu.

BintiKurasini

Asante mkuu kwa uzi, naweka kambi hapa. Mimi nipo kwenye clearing, yaani kutoa mizigo bandarini, kontena naziona kila siku kwenye makaratasi. Swali langu: nimewahi kusoma kwamba Maersk wenyewe walitangaza Emma inabeba kontena 11,000. Wewe unasema karibu 15,000. Tofauti ya 4,000 si ndogo, inatoka wapi?

Fundi_wa_Shafti

Dada, swali zuri sana, na jibu lake ndilo linalofungua kila kitu.

Hesabu ya TEU ni hesabu ya nafasi za kontena la futi 20. Haisemi kontena lina uzito gani. Maersk walikuwa na desturi yao: walihesabu makontena ambayo meli inaweza kubeba ikiwa kila moja lina wastani wa tani 14. Sasa chukua 11,000 uzidishe kwa 14. Unapata tani 154,000. Linganisha na ule uwezo wa tani 156,907 niliotaja juu. Umeona? Ukipakia makontena 11,000 ya tani 14, uzito umeisha kabla nafasi hazijaisha.

Wachambuzi wengine walihesabu nafasi zenyewe, yaani ukipanga kontena kila mahali panapoingia kontena. Ndipo wakapata karibu 15,000. Gawanya tani 156,907 kwa 15,000, unapata kama tani 10 na nusu kwa kontena, na hapo hujatoa uzito wa mafuta. Kwenye njia ya Asia na Ulaya hilo linawezekana, kwa sababu makontena mengi yanarudi Asia matupu au yana mzigo mwepesi. Lakini ukinipa makontena yote ya vigae au ya korosho, sifiki hata karibu.

Kwa hiyo zote mbili ni kweli. Moja ni ukomo wa uzito, nyingine ni ukomo wa nafasi. Leo karibu kila kampuni inatangaza nafasi kwa sababu inaonekana kubwa zaidi.

Mchomeleaji_Tanga

Mkuu umenigusa. Mimi nachomelea mageti, matanki na bodi za malori. Naomba unieleze hawa jamaa wanaunganishaje chuma cha mita 400. Wanaanzia mbele kwenda nyuma au vipi? Na bamba lina unene gani?

Fundi_wa_Shafti

Fundi mwenzangu, hili nitalieleza kwa urefu maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Hakuna anayeanza mbele kwenda nyuma. Meli inakatwa kwanza kwenye michoro kuwa vipande vikubwa, vinaitwa bloku. Kila bloku linajengwa peke yake ndani ya jengo. Mabamba yanakatwa na mashine kwa vipimo vya milimita, yanaunganishwa kuwa paneli tambarare, kisha zinachomelewa mbavu za kuimarisha. Lindø walisifika kwa kutumia roboti za kuchomelea, hasa mahali finyu ndani ya sakafu mbili za chini ambapo mtu anateseka kuingia na moshi unamkaba.

Jambo moja litakufurahisha: mabloku mengi yanajengwa kichwa chini miguu juu. Wewe unajua tofauti ya kuchomelea ukiwa umeinamia kazi na kuchomelea juu ya kichwa. Ukigeuza bloku, sehemu kubwa ya mishono inakuwa chini yako, inatoka imara na kwa haraka. Likishakamilika linageuzwa kwa kreni. Mabomba, njia za nyaya na ngazi zinafungwa humo humo kabla ya kupelekwa kwenye gati kavu, kwa sababu kazi inayofanyika kirahisi ndani ya karakana inakuwa ya mateso ukiifanya ndani ya meli iliyokwisha kufungwa. Halafu linapakwa rangi.

Kwenye gati kavu mabloku yanaunganishwa kuwa makubwa zaidi, yanashushwa mahali pake na kreni kubwa yenye miguu miwili inayopita juu ya gati zima. Kwa kawaida wanaanza sehemu ya chumba cha injini, maana injini ndiyo inayochukua muda mrefu kufungwa. Chuma hutanuka kwa joto la jua, kwa hiyo vipimo vya kuunganisha bloku kwa bloku hupendelewa kuchukuliwa wakati joto limetulia. Mishono muhimu inapimwa kwa mawimbi ya sauti au kupigwa picha ya mionzi, chini ya macho ya mkaguzi wa shirika la kukagua meli. Mshono ukikataliwa unachimbwa wote na kuanza upya.

Unene hauko sawa mahali pote. Pembeni katikati ya bodi ni milimita chache kuliko watu wanavyodhani. Lakini kwenye kingo za juu kabisa, pale yanapokaa mafuniko ya tumbo la meli, meli za daraja hili hufika milimita 70, 80, hata zaidi. Kwa nini pale juu? Hiyo ndiyo posti yangu inayofuata.

Kabla sijasahau habari ya moto. Tarehe 9 Juni 2006, meli ikiwa inakaribia kukamilika, kazi ya kuchomelea iliwasha moto kwenye jengo la makazi. Ulisambaa kupitia vyumba vya mabaharia hadi chumba cha nahodha juu, pale anapoongozea meli. Ukamilishaji ukachelewa kwa wiki sita au saba. Meli mpya kabisa, mamilioni ya dola, na chanzo ni cheche. Wewe na mimi tunajua kwamba mtu wa kusimama na kizimamoto wakati mwenzake anachomelea ndiye wa kwanza kupunguzwa bajeti inapobana. Naomba tusikubali, iwe kwenye meli au kwenye geti la mtu Tanga.

Mchomeleaji_Tanga

Milimita 80 kuchomelea! Hapo ni tabaka juu ya tabaka, na lazima upashe chuma moto kwanza. Heshima kwao. Endelea mkuu.

Fundi_wa_Shafti

Sasa twende kwenye kingo.

Meli ya mafuta ina deki iliyofungwa juu. Meli ya makontena haina. Ili kreni ishushe kontena moja kwa moja hadi chini, sehemu ya juu lazima iwe wazi karibu upana wote, na mafuniko yanayowekwa juu hayasaidii chochote kwenye nguvu ya bodi, yanakaa tu. Chukua boksi la viatu, toa mfuniko, shika ncha mbili ulisokote. Linasokoteka kirahisi. Rudisha mfuniko ukaubandike na gundi, ujaribu tena. Meli ya makontena ni lile boksi lisilo na mfuniko, lenye urefu wa mita 397, likiwa kwenye mawimbi yanayolikuta kwa mshazari.

Dawa yake ni nini? Kuta za pembeni zinakuwa mbili, zikiacha njia ndefu katikati, na pale juu panajengwa kama mrija mnene wa chuma unaokwenda karibu urefu wote wa meli kila upande. Mabaharia hupita humo ndani kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) bila kulowana. Sakafu nayo ni mbili. Na kila baada ya nafasi kadhaa za makontena kuna ukuta wa kukatiza.

Kuna nguvu nyingine mbaya zaidi ya kusokota. Omo na tezi ya meli hizi ni nyembamba ili ikate maji kwa kasi, kwa hiyo maji hayazibebi vizuri. Katikati ni pana, maji yanaisukuma juu. Lakini makontena yamepangwa hadi mwisho huku na huku. Matokeo yake meli inataka kujikunja: katikati juu, ncha chini. Wimbi refu likija kukaa katikati, hali inazidi. Kingo za juu zinavutwa, sakafu ya chini inabanwa.

Mfano wa hatari yake ulitokea bahari yetu hii ya Hindi. MOL Comfort, iliyojengwa Japani mwaka 2008, uwezo wa TEU 8,110, ilikuwa inatoka Singapore kwenda Jeddah. Tarehe 17 Juni 2013, nje ya Yemen, sakafu ya katikati ilikunjamana kwa kubanwa, bodi ikakatika vipande viwili. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Kipande cha nyuma kilizama baada ya siku kumi. Cha mbele kilivutwa, kikashika moto, nacho kikazama mwezi Julai. Ndugu za meli hiyo zikaongezewa chuma sakafuni, na kanuni za kukokotoa nguvu za bodi zikakazwa dunia nzima.

Kwa hiyo mtu akikwambia meli ina mita 400, muulize bamba la juu lina unene gani na chuma chake ni cha daraja gani. Chuma kinene kina tabia ya kupasuka ghafla ufa ukianza kwenye baridi, ndiyo maana viwanda vya chuma vya Japani na Korea Kusini vimetengeneza madaraja maalumu yanayozuia ufa usikimbie.

Mkaazi_wa_Likoni

Salaam aleikum ndugu. Niko Mombasa hapa ng'ambo ya kivuko, meli zapita mbele ya macho yetu. Tuambie injini bwana. Nasikia hiyo ya Emma ndiyo kubwa kuliko zote.

Fundi_wa_Shafti

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapa nitajizuia nisiandike kitabu.

Injini inaitwa Wärtsilä-Sulzer 14RT-flex96C. Silinda 14 kwenye mstari mmoja. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 960, pistoni inapanda na kushuka mita 2.5. Piga hesabu ya ujazo, utapata kama lita 1,800 kwa silinda moja. Nguvu yake yote ni kilowati 80,080, karibu farasi 109,000. Uzito wa injini peke yake ni tani 2,300. Ilitengenezwa Korea Kusini na Doosan kwa leseni ya Wärtsilä. Injini za ukubwa huu zinajaribiwa kiwandani, kisha zinafunguliwa vipande na kuunganishwa tena ndani ya meli, kwa sababu hakuna anayeinyanyua nzima.

Mwendo wake wa juu ni mizunguko 102 tu kwa dakika. Haina gia. Shafti imeungwa moja kwa moja na propela, kwa hiyo propela nayo inazunguka 102. Ukitaka kurudi nyuma unasimamisha injini na kuiwasha izunguke kinyume. Ni ya mipigo miwili, kila pistoni ikishuka inafanya kazi. Injini za zamani za aina hii zilikuwa na shafti ndefu yenye nundu za kufungua vali na kusukuma pampu za mafuta. Hii imeiondoa, mafuta yanakaa kwenye bomba moja la shinikizo, na kompyuta inaamua yaingie lini na kiasi gani. Ndiyo faida kubwa ukienda polepole, maana haitoi moshi mweusi kama zile za zamani.

Mafuta yenyewe ni mazito mno. Yakiwa ya baridi hayatiririki. Lazima yasafishwe kwa mashine za kuzungusha, kisha yapashwe hadi nyuzi 130 na zaidi ndipo yakubali kupulizwa ndani ya silinda. Injini hii inatumia kama gramu 171 kwa kila kilowati kwa saa. Ukiifungulia yote, ni takriban tani 13.7 kwa saa, tani 330 kwa siku. Inaonekana nyingi, lakini karibu nusu ya nishati ya mafuta inafika kwenye shafti, na injini chache sana duniani zinafikia hapo. Moto unaobaki kwenye moshi nao hautupwi hivi hivi: unachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo wa umeme.

Propela ilimiminwa Ujerumani, kwenye mji wa Waren, na Mecklenburger Metallguss. Mapanga sita, kipenyo mita 9.6, uzito tani 131, aloi ya shaba yenye aluminiamu na nikeli ili isiliwe na chumvi. Na chini ya maji bodi ilipakwa rangi ya silikoni inayozuia viumbe wa baharini kushika bila kutumia sumu. Hilo mwaka 2006 lilikuwa jambo la kupongezwa.

Mzee_wa_Majahazi

Vijana, nimesoma yote. Nimekula chumvi nyingi baharini, nami nauliza jambo moja. Chumba cha injini kubwa kama hiyo kikiingia maji mnafanya nini? Nilisikia meli hii ilipata msukosuko Suez.

Fundi_wa_Shafti

Shikamoo mzee wangu. Umegusa pale pale nilipotaka kufika.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2013, Emma Mærsk ilikuwa imesheheni, imeingia Mfereji wa Suez upande wa Port Said. Meli hii ina propela ndogo za pembeni, mbili mbele na mbili nyuma, za kusaidia kusogea kwenye gati. Kila moja iko ndani ya handaki linalopita bodi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mojawapo ya zile za nyuma ilivunjika vibaya, handaki lake likapasuka, na maji ya bahari yakaanza kuingia kwenye chumba kirefu ambamo shafti kuu inapita.

Mpaka hapo meli haikuwa na shida kubwa. Chumba cha shafti kikijaa, kuna ukuta wa chuma kati yake na chumba cha injini. Ukuta ule ulistahimili. Vilivyoshindwa ni vizibo vya matundu ambamo nyaya za umeme zinapita kwenye ukuta. Kumbuka kila mita kumi za maji zinaleta shinikizo la tani kumi kwa mita moja ya mraba. Vizibo vikasukumwa nje, maji yakafululiza chumba cha injini, na ile injini ya farasi 109,000 ikazama ikiwa mahali pake. Umeme ukakatika. Nahodha na watu wake, kwa msaada wa tagi (meli ndogo za kuvuta), waliifikisha meli kwenye gati la makontena la Port Said. Hakuna aliyeumia. Kama ingepoteza mwelekeo ndani zaidi ya mfereji, tungeona mwaka 2013 yale tuliyoyaona Machi 2021 Ever Given ilipokwama kwa siku sita.

Baadaye ilivutwa hadi Palermo, Italia, ikatengenezwa kwa miezi kadhaa. Bodi ya Denmark ya kuchunguza ajali za baharini ilitoa ripoti yake, na vile vizibo ni sehemu kubwa ya habari.

Mimi tangu niisome, nikipanda meli mpya nazunguka na tochi kutazama kila tundu la waya kwenye kila ukuta wa kuzuia maji. Fundi wa umeme akipitisha waya mpya na kuacha tundu halijazibwa inavyotakiwa, sitii saini. Vijana wanaoanza kazi, shikeni hilo.

Mzee_wa_Majahazi

Marahaba mwanangu. Umesema neno. Chombo huzamishwa na tundu, si na wimbi peke yake.

Mtu_wa_Salalah

Wakuu, mimi nipo Oman, bandari ya Salalah, upande wa kufunga na kufungua makontena. Niongezee kidogo kwa wasiowahi kuona.

Ndani ya tumbo la meli hatufungi kitu. Kuna reli za wima, kontena linateleza ndani yake na kukaa juu ya mwenzake, halina pa kwenda. Kazi iko juu ya deki. Kila kontena linashikwa na lililo chini yake kwa kufuli nne za pembeni. Kisha zinakuja fimbo za chuma za mshazari na vikazio vyake, mtu anakaza kwa mkono. Fimbo hizo ni nzito na hazifiki mbali, ndiyo maana kati ya safu na safu pamejengwa madaraja ya chuma tunayosimama juu yake ili tufunge ya juu zaidi. Jua la hapa mwezi wa tano, na chuma kile, nawaambia ni kazi ya wanaume na ya kumkumbuka Mungu.

Watu huuliza kwa nini yanaanguka baharini. Tarehe 30 Novemba 2020 ONE Apus ilipoteza 1,816 kwenye Pasifiki. Meli pana sana ina tabia ya kurudi wima kwa nguvu ikilala upande, mrundo wa juu unachapwa. Na kama mtu ameandika tani 10 kwenye karatasi wakati ndani kuna 25, na likawekwa juu, hakuna fimbo itakayoshika.

BintiKurasini

Kaka wa Salalah asante, hapo kwenye uzito nitawasomea wateja wangu. Ndiyo maana tangu Julai 2016 kila kontena lazima lipimwe uzito wake halisi kabla ya kupakiwa, na bado kuna mteja anakwambia "andika tu". Wakuu, swali la mwisho kwangu: kwa nini meli kama Emma hatuzioni Dar?

Mkaazi_wa_Likoni

Dada hata huku Mombasa. Na Lamu je? Pale kina kipo.

Fundi_wa_Shafti

Kina ni sehemu moja tu. Magati ya Dar yaliyoboreshwa yamechimbwa hadi mita 14.5, gati jipya la makontena Mombasa ni mita 15, Lamu ni mita 17.5 na magati matatu ya mita 400 kila moja. Kwa kina peke yake, Emma ikiwa imejaa kabisa ingeweza kulala Lamu.

Lakini angalia kreni. Makontena 22 kwa upana yanahitaji mkono wa kreni unaovuka zaidi ya mita 56 za meli. Halafu mzigo wenyewe. Meli hii inaingiza hela ikiwa inatembea. Ikishusha makontena mia tano ikapoteza siku nzima, mwenye meli amepata hasara. Inataka bandari zinazoshusha na kupakia maelfu kwa mara moja. Ndiyo kazi ya Salalah na Jebel Ali ya Dubai: meli kubwa, yaani mama, inashusha pale, meli za wastani zinatuletea huku. Dada, kontena nyingi unazozitoa Kurasini zimeshawahi kukaa uwanjani kwa kaka yetu pale.

Mtu_wa_Salalah

Kweli kabisa. Naona maandishi ya Dar, Mombasa na Kampala kwenye orodha kila wiki.

Mchomeleaji_Tanga

Mkuu Fundi, kile kiwanda cha Lindø bado kinajenga?

Fundi_wa_Shafti

Hapana. Mwaka 2009 walitangaza kukifunga, na meli za mwisho zikakabidhiwa mwaka 2012. Gharama za Denmark hazikuweza kushindana na Korea Kusini na China. Inaniuma, maana watu waliojenga Emma walikuwa na ujuzi wa vizazi, na ujuzi wa kuchomelea bodi haukai kwenye karatasi. Eneo lake sasa lina shughuli nyingine za viwanda, zikiwemo za mitambo ya upepo.

Warithi wa Emma walijengwa Okpo, Korea Kusini, na Daewoo. Wa kwanza ni Mærsk Mc-Kinney Møller wa mwaka 2013: mita 400 kwa 59, TEU zaidi ya 18,000. Hapa utaona walivyopata nafasi 3,000 na zaidi bila kurefusha. Tumbo lilifanywa mraba zaidi chini. Makontena yakawa 23 kwa upana. Na chumba cha nahodha kikasogezwa mbele, injini ikarudishwa nyuma. Kanuni ya kimataifa inasema anayeendesha meli lazima aone maji kuanzia umbali usiozidi urefu wa meli mara mbili au mita 500, ule ulio mdogo. Kwenye Emma chumba cha nahodha kiko nyuma ya katikati, kwa hiyo makontena yote ya mbele lazima yashushwe kimo ili aone. Ukikileta mbele, unapanga juu zaidi nyuma yake.

BintiKurasini

Na injini yao ni kubwa kuliko ya Emma?

Fundi_wa_Shafti

Ni ndogo dada, na hapo ndipo wengi wanashangaa. Emma ilichorwa wakati mafuta ni rahisi, ikimbie noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa) na zaidi. Lakini nguvu inayohitajika inapanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukishuka kutoka noti 25 hadi 20, nguvu inapungua karibu nusu. Safari inakuwa ndefu zaidi kwa robo, lakini jumla ya mafuta ya safari nzima bado inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mafuta yalipopanda na biashara ikaanguka mwaka 2008, kampuni zote zikaanza kutembea polepole, na injini ya kilowati 80,080 ikawa inafanya kazi chini sana ya uwezo wake.

Kwa hiyo Mærsk Mc-Kinney Møller ilipewa injini mbili na propela mbili, jumla kama kilowati 59,000, na propela zinazozunguka polepole kuliko ya Emma. Inabeba zaidi kwa robo tatu ya nguvu. Nikitoka zamu wiki ijayo nitaanzisha uzi wa pili kuhusu propela hizo mbili, kwa sababu kuzipanga ili zisisumbuane ni somo zima.